Kusikiliza vitabu kwa kasi: mwongozo kamili wa kuongeza mwendo bila kukipoteza kitabu

Sikio huzoea kasi upesi sana. Fungua kitabu cha kusikiliza kwa kasi ya mara mbili leo: dakika ya kwanza utaona kama msomaji anakimbizwa, dakika ya tatu utaanza kuyashika maneno, na kufikia dakika ya kumi utajiuliza ulikuwa unangoja nini siku zote. Watafiti wa usemi wamelipima jambo hili. Mwaka 1997 Emmanuel Dupoux na Kerry Green walionyesha kwamba msikilizaji huanza kujirekebisha kwa sauti iliyobanwa, yaani iliyofupishwa ili iende upesi, baada ya kusikia sentensi chache tu. Lakini kilichozoea hapo ni sikio. Kuelewa, kuunganisha na kukumbuka ni kazi nyingine, na kazi hiyo haizoei kwa dakika kumi. Katikati pana pengo, na wengi tunaopenda kusikiliza kwa kasi hutumbukia humo bila kujua, kwa sababu hakuna dalili yoyote: maneno yote tunayasikia.

Mimi nilitumbukia. Nilisikiliza wasifu wa saa kumi na nne kwa kasi ya mara mbili, nikaumaliza kwa siku nne, nikaridhika kabisa. Wiki iliyofuata rafiki yangu, ambaye alikuwa ameusoma kwa macho, akaniuliza, "Hivi baba yake ulielewa alipotelea wapi?" Sikuwa na jibu. Sikukumbuka hata kama baba alipotea. Nilipourudia nikaikuta, sura ya tatu, sentensi fupi mwishoni mwa aya: "Baba hakurudi." Baada yake msomaji alikuwa amenyamaza karibu sekunde mbili ili neno limwingie msikilizaji. Programu yangu ilikuwa imewekwa iruke ukimya. Sentensi ile ikagandamana na aya iliyofuata, ikapita.

Bado nasikiliza kwa kasi, karibu kila siku, na ninaipenda namna hii ya kusoma. Ila sasa kila ninapoongeza mwendo nina kipimo, na kipimo hicho si sikio. Mwongozo huu ni wa namna ya kufika hapo.

Hesabu kwanza

Chukua kitabu cha saa 10. Kwa kasi ya 1.25 kinaisha kwa saa 8, yaani umeokoa saa mbili nzima kwa badiliko ambalo baada ya muda mfupi hutalisikia tena. Panda hadi 1.5, kinaisha kwa saa 6 na dakika 40. Umeongeza saa 1 na dakika 20 kwenye akiba. Kutoka 1.5 hadi 1.75 unapata dakika 57. Kutoka 1.75 hadi 2 ni dakika 43. Kutoka 2 hadi 2.25 ni dakika 33 tu. Kila ngazi inakulipa kidogo kuliko iliyotangulia, huku ikikudai umakini zaidi. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba faida kubwa iko chini, kati ya 1.2 na 1.6. Anayehangaika kutoka 2 kwenda 2.25 anatoa kingi kupata kidogo.

Jambo jingine: namba iliyo kwenye skrini si kasi, ni kizidisho. Inategemea msomaji alisoma vipi tangu mwanzo. Wasomaji wa vitabu vya Kiingereza kwa kawaida husoma maneno kama 150 hadi 160 kwa dakika, lakini wapo wanaoburura na wapo wanaokwenda mbio. 1.5 ya msomaji mpole inaweza kuwa sawa na 1.2 ya mwenye haraka. Kwa hiyo usiwe na "kasi yako" moja unayoibeba kutoka kitabu hadi kitabu kama namba ya viatu.

Tuuweke mwendo huo kando ya macho. Mwaka 2019 Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za usomaji, akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimoyomoyo, kwa maandishi yasiyo ya hadithi, husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika. Sasa zidisha: 155 mara 1.5 ni 232. Maana yake ukifika 1.5 ndipo unaufikia mwendo ambao macho huenda nao kila siku. Hilo linaeleza kwa nini wengi tunaona 1.5 haisumbui, na kwa nini juu yake mambo hubadilika. Emerson Foulke na Thomas Sticht walipopitia tafiti za sauti iliyobanwa mwaka 1969, waliona ufahamu ukiporomoka upesi zaidi baada ya maneno 275 hivi kwa dakika. Kwa msomaji wetu wa maneno 155, hiyo ni karibu 1.8. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi mihadhara ya video kwa kasi ya 1, 1.5, 2 na 2.5. Hadi 2 alama hazikushuka sana, kwa 2.5 zilishuka. Usiikimbilie 2 kwa sababu hiyo. Ile ilikuwa mihadhara mifupi, na wanafunzi walikuwa wakiitazama. Kitabu cha saa kumi na mbili unachokisikiliza huku unakunja nguo ni mtihani mwingine kabisa.

Kiswahili kina hesabu yake

Namba hizo za maneno kwa dakika zimetoka kwenye Kiingereza, na ukizileta kwenye Kiswahili jinsi zilivyo zitakudanganya. Neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Hawakutuambia" ni neno moja: ndani yake kuna waliotenda, kukanusha, wakati uliopita, waliotendewa na tendo lenyewe. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuonekana anatoa maneno machache kwa dakika ilhali anatoa habari nyingi.

Tazama kwa karibu. Sikiliza sentensi hizi mbili: "Mzee akampa ufunguo." "Mzee hakumpa ufunguo." Kila kitenzi kina silabi nne, mkazo uko mahali pale pale. Kinachotenganisha kutoa na kunyima ni pumzi ya "h" na irabu moja, "ka" au "ku". Lugha nyingi husemwa kwa silabi kama tano hadi nane kwa sekunde. Tuchukue sita: kila silabi inapata milisekunde 170 hivi. Ukiweka kasi ya mara mbili inabakiwa na 80 na kitu. Ongeza upepo barabarani au mashine inayovuma jikoni, "h" imekwenda. Kinachobaki ni irabu moja ya kukuambia kama ufunguo ulitolewa au la, na kitabu kizima kinaweza kusimama juu ya ufunguo huo. Vivyo hivyo "alipokimbilia" na "alikokimbilia", ama "angejua" na "asingejua". Silabi ndogo za katikati ndizo zinazobeba lini, wapi na kama kweli.

Kwa sababu hiyo, kwa vitabu vya Kiswahili mimi huanzia chini zaidi kuliko vya Kiingereza, na sipandi ngazi kwa pupa. 1.3 iliyo safi inanitosha kwa riwaya.

Mashine inafanya nini

Zamani za kanda, kuharakisha kulikuwa kuzungusha kanda upesi, na sauti ilipanda na kuwa kama ya kifaranga. Katika miaka ya 1950 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walitengeneza kifaa kilichokuwa kikiruka vipande vidogo vidogo vya sauti na kuunganisha vilivyobaki, hivyo maneno yakaenda upesi na sauti ikabaki ya mtu. Programu za leo hufanya kazi kwa wazo hilo hilo kwa ustadi zaidi: hukata sauti katika vipande vya milisekunde chache, huviegemeza kimoja juu ya kingine mahali mawimbi yanapofanana, na kupunguza urefu.

Hapa pana habari njema ambayo wengi hawaifikirii. Mtu akisema haraka kwa mdomo wake, hula silabi. "Nimekwisha kumwambia" inakuwa "n'shamwambia". Mashine haili chochote; hubana kila silabi kwa kiasi kile kile. Msomaji aliyetamka vizuri mbele ya maikrofoni anabaki ametamka vizuri hata kwa 1.7. Kwa hiyo anayesema "mimi watu wanaoongea haraka siwaelewi, hili halinifai" ajaribu kwanza.

Hatua ya 1: andaa chombo

Unahitaji programu yenye mambo manne. Ibadilishe kasi kwa ngazi ndogo, 0.1 au hata 0.05, inayoruka kutoka 1 hadi 1.5 hadi 2 itakunyima sehemu nzuri yote iliyo katikati. Iwe na kitufe cha kurudi nyuma sekunde 10 au 15, kikubwa, unachoweza kukibonyeza bila kutazama. Ikumbuke kasi ya kila kitabu peke yake, kama inawezekana. Na isibadilishe sauti ya msomaji: ukisikia imekuwa nyembamba, tafuta kwenye mipangilio pa kuizuia, na kama hapapo, badili programu.

VLC ni ya bure, inafungua karibu kila aina ya faili, na inabadilisha kasi vizuri. Audible na Libby, programu za vitabu vya kusikiliza, zina vidhibiti vyao vya kasi ndani. Kama huna kitabu cha kufanyia mazoezi, LibriVox, mradi ulioanza mwaka 2005, ina maelfu ya vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki, vimesomwa na watu wa kujitolea, bure. Tahadhari moja: huko kitabu kimoja mara nyingi husomwa na watu kadhaa, kila mmoja sura yake. Sura ikibadilika, kasi nayo uikague upya.

Angalia na ubora wa faili. Faili lililobanwa mno ili liwe dogo husikika sawa kwa kasi ya kawaida, lakini ukiongeza mwendo sauti za "s", "sh" na "f" huanza kukwaruza na kufanana. Ukisikia mlio kama wa bati, usilaumu masikio yako. Pakua toleo kubwa zaidi.

Kuhusu kuruka ukimya: kwa vipindi vya mazungumzo na mihadhara, uwashe ukipenda. Kwa kitabu, uzime. Kituo cha msomaji ni sehemu ya usomaji wake, ndipo msikilizaji anapopata nafasi ya kuweka kitu mahali pake. Mtu anayesoma kwa macho hupumzika mwenyewe mwisho wa aya. Wewe unayesikiliza huna pumziko jingine isipokuwa lile ulilopewa.

Hatua ya 2: anza kitabu polepole

Dakika kumi na tano za kwanza za kitabu chochote, sikiliza kwa kasi ya 1. Hata kama umezoea. Mwanzoni ndipo majina yanapoingia, mahali panapotajwa, na wewe unapoizoea sauti ya huyu msomaji: anavyomeza baadhi ya herufi, anavyobadili sauti kwa kila mhusika. Majina ndiyo yanayopotea kwanza kasi inapopanda, hasa majina mageni yasiyo na kitu cha kushikia akilini. Kama kitabu kina watu wengi, yaandike matano au sita kwenye karatasi. Inachukua dakika moja, na itakuokoa kwenye sura ya tisa.

Hatua ya 3: panda kwa ngazi ndogo

Baada ya hizo dakika kumi na tano, weka 1.1. Sura inayofuata, 1.2. Kaa hapo hadi kesho. Siku ya pili anza na 1.2, na kama jaribio nitakaloeleza hapa chini linakwenda vizuri, weka 1.3. Kisha kaa siku mbili au tatu kabla ya kila ongezeko la 0.1. Kwa mwendo huu utafika 1.5 ndani ya wiki mbili hivi, na utakuwa umefika kweli.

Kuna mbinu watu wanaisifu sana: sikiliza dakika tano kwa 2.2, kisha rudi 1.7, utaiona 1.7 inatambaa. Ni kweli, itatambaa. Lakini kilichodanganywa ni sikio tu. Ufahamu wako wa 1.7 uko pale pale ulipokuwa jana. Mimi huitumia kupasha sikio moto ninaporudi kwenye kitabu baada ya kukaa siku nyingi bila kusikiliza, basi. Usiitumie kupandia ngazi.

Usijipime pia na wasikilizaji wasioona wanaotumia programu za kusoma skrini. Wengi wao husikiliza kwa mwendo ambao mimi na wewe hatuambulii hata neno. Wana miaka ya mazoezi ya kila saa, na sauti ya mashine isiyobadilika hata siku moja. Wasioona ndio waliotutangulia katika vitabu vya kusikiliza, tangu miaka ya 1930, na ustadi wao unastahili heshima. Haukupatikana kwa wiki mbili.

Hatua ya 4: jaribio la kusimulia

Hapa ndipo mwongozo wote umesimama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sura ikiisha, simamisha. Usiache iendelee yenyewe. Programu nyingi zina mpangilio wa kuzima mwisho wa sura, uutumie. Kisha simulia sura hiyo kwa sauti, kwa sentensi tatu au nne, kana kwamba unamwambia mtu aliyekuuliza. Kwa sauti, si moyoni. Moyoni tunajidanganya: tunapitisha picha moja au mbili na kusema "nimeelewa". Ulimi ukianza kutafuta maneno ndipo unapogundua kwamba hukujua nani alimwandikia nani ile barua.

Baada ya kusimulia jiulize mambo mawili. Kwanza, kwa nini: lile jambo kubwa lililotokea, lilisababishwa na nini? Matukio hupita kwenye kasi bila shida. Sababu ndizo zinazochujwa. Utakumbuka walihama, usikumbuke kwa nini walihama. Pili, nini kimebadilika: mwisho wa sura hali ina tofauti gani na mwanzo wake? Kwa kitabu kisicho cha hadithi, swali hili liwe: mwandishi anadai nini, na ametoa hoja gani? Ukikumbuka mifano yake yote lakini hukumbuki mifano ilikuwa ya kuthibitisha nini, kasi imekuzidi.

Ukijibu yote bila kusita, kasi inakufaa. Ukikwama kwenye jambo dogo, rudi nyuma dakika chache, usibadili kitu. Ukikwama kwenye kwa nini, punguza 0.2 na uisikilize sura upya. Najua inauma kurudia sura ya dakika arobaini. Lakini piga hesabu: sura uliyoisikiliza bila kuielewa imekula muda wote na haikukupa chochote. Hiyo ndiyo kasi ya chini kuliko zote.

Na kesho yake, kabla ya kubonyeza kitufe, jaribu tena sentensi moja: jana tuliishia wapi? Jaribio la kesho ni kali kuliko la leo, na ndilo la kuliamini zaidi. Mara kadhaa nimefaulu jioni kwa 1.8 nikashindwa asubuhi. Sasa nikiona hivyo naishusha kasi bila kubishana na nafsi yangu.

Mwanzoni fanya jaribio hili kila sura. Baada ya mwezi, mara moja kwa kila kikao inatosha, lakini usiliache kabisa.

Hatua ya 5: chagua kasi kwa kitabu

Vitabu vya ushauri na biashara vinavyorudia wazo moja kwa mifano kumi vinavumilia 1.8, hata 2, na mara nyingi vinasikika vizuri zaidi hivyo, maana ukiwa na mwendo unaona wazo zima kwa pamoja. Wasifu na historia: 1.3 hadi 1.5. Tarehe na majina yanahitaji nafasi. Riwaya inategemea. Ya upelelezi na ya matukio hukubali 1.5. Ile ambayo raha yake iko kwenye lugha yenyewe, isikilize kwa 1 au 1.1. Nimewahi kusikiliza riwaya nzuri kwa 1.6 na kuona haina ladha. Miezi kadhaa baadaye nikaisikiliza tena kwa kasi yake, nikakuta mzaha katika kila ukurasa. Mzaha hutegemea wakati. Ukiubana, yanabaki maelezo tu.

Ushairi usiuongezee hata 0.05. Mizani na vina ni muda uliopimwa na mshairi. Ukibadili muda umebadili shairi.

Kitabu cha hesabu, sheria au sayansi ngumu: anza na 1, na usione haya kushuka 0.9. Ukishuka chini ya 0.8 sauti huanza kuvutika kama mpira na kusikika vibaya. Hapo afadhali kusimamisha kila baada ya aya. Lugha unayojifunza nayo ni hivyo hivyo. Usiharakishe lugha ambayo bado unaitafsiri kichwani.

Kitabu unachokirudia ni habari nyingine. Njia tayari unaijua. Hapo 2 au zaidi ni sawa kabisa, na ni njia nzuri ya kutafuta mahali ulipopapenda.

Hatua ya 6: tazama mikono inafanya nini

Kasi ya kitabu ni ile inayobaki baada ya kazi kuchukua sehemu yake. Kuosha vyombo, kukunja nguo, kupiga pasi, kutembea njia unayoijua: kazi hizi huacha akili huru, na 1.5 inapita vizuri. Kupika chakula usichokizoea, kuandika ujumbe, kutafuta kitu dukani, chochote kinachotumia maneno au hesabu, hakikai pamoja na kitabu cha kasi. Maneno yanagombania njia moja.

Barabarani nina msimamo mkali. Nikiendesha gari sipandi juu ya 1.2, na kwenye makutano au mvua nazima kabisa. Nikitembea kando ya magari, sikio moja liko wazi. Hakuna sura isiyoweza kungoja.

Kelele ikizidi, usiongeze sauti, punguza kasi. Watu wengi hufanya kinyume: maneno yanawapita, wanapandisha sauti, na masikio yanaumia taratibu bila wao kujua. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kadiri sauti inavyopanda saa hizo zinapungua upesi. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri husaidia kuliko kuongeza sauti, ila si barabarani.

Mambo yatakayokupata

Utachoka. Saa moja ya 1.7 huchosha zaidi kuliko saa moja ya 1, na uchovu huo hauji kama usingizi. Unakuja kama mawazo kutangatanga. Ukijikuta umerudi nyuma mara tatu ndani ya dakika tano, usirudi mara ya nne. Shuka hadi 1.2, na kama bado, zima. Jioni kasi yangu ni ndogo kuliko ya asubuhi, daima, na sijali tena.

Utaona watu wanaongea polepole. Katika wiki za kwanza unaweza kuanza kumalizia watu sentensi zao. Nilijigundua nikimfanyia hivyo mama yangu kwenye simu, nikaona aibu. Kwangu dawa imekuwa kuacha dakika kadhaa za ukimya kati ya kuvua hedifoni na kuzungumza na mtu.

Utasikia kitu kizuri na kupita. Weka alama, programu nyingi zina kitufe cha kuweka alama mahali ulipo. Mwisho wa juma pitia alama zako kwa kasi ya 1, moja moja. Mimi huziandika baadhi kwa mkono. Alama nane au kumi za kitabu kimoja, zikisikilizwa taratibu, hunirudishia kitabu chote kuliko kukisikiliza upya kwa haraka.

Na kabla ya kulala, rudisha kasi kwenye 1, weka saa ya kuzima yenyewe dakika ishirini, na chagua kitabu ambacho hakina shida ukikosa mwisho wa sura. Kesho yake anzia pale unapokumbuka kwa hakika, hata kama programu inasisitiza ulifika mbele zaidi.